Ng'ombe wa Mwalimu Silvano Hakuwa Kitoweo

Ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya ua wa jiko, bado mbichi, na pembeni mwake palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kisahani cha chai. Mwalimu Jenoveva alilitazama doa lile, akaitazama sahani ya pilau aliyokabidhiwa muda huohuo, akalitazama tena doa. Doa la bega la kushoto. Alikuwa amelisugua kwa brashi kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Nyuma yake kwenye foleni ya chakula cha sherehe, mama mmoja wa sokoni akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mama Benjamini, hongereni. Mliahidi zawadi ya kudumu, na kweli imedumu. Tangu jana jioni mpaka saa saba hii!"

Foleni nzima ikacheka. Jenoveva hakucheka. Aliiweka sahani mezani bila kuigusa, akaenda jikoni, akauliza kwa adabu iliko kamba ya ng'ombe. Wapishi wakampa. Aliikunja, akaiweka kwenye mkoba wake wa kanisani, akaondoka huku mwenyekiti wa Mfuko wa Huduma wa Kwemshai, Bwana Shabani, akiwa kwenye kipaza sauti anaishukuru familia ya marehemu Mwalimu Silvano "kwa kutuletea kitoweo."

Kitoweo! Neno hilo lilimfuata njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jenoveva alizaliwa Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, mahali ambapo kibuyu kikikuponyoka unakisikia kikigonga mawe mpaka sauti inapotea. Alisomeshwa na masista, akahitimu ualimu wakati ambapo wasichana wa rika lake waliofika huko walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alimkuta Silvano katika shule ya kwanza aliyopangiwa, wakaoana, wakahamia Kwemshai kwao mume. Alifundisha miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu wazima wa kijiji kile walijifunza a, e, i, o, u mbele yake, na hata walipoota mvi waliendelea kuficha mikono mifukoni walipokutana naye, wasije wakaulizwa kuhusu kucha.

Silvano alikuwa mtu wa maneno machache. Akisema atakuletea dawati Alhamisi, Alhamisi ungelikuta mlangoni. Mwaka ambao wagonjwa walianza kutakiwa kuchangia matibabu, alikwenda zahanati kupima kisukari chake, akamkuta mama mjamzito ameketi chini getini, uchungu umemshika, kisa hana mchango. Silvano alimlipia. Lakini aliporudi nyumbani hakuweza kula.

"Mama Benjamini," alisema, "leo nimemlipia mmoja. Kesho nani atamlipia mwingine? Siku zangu zimebaki chache. Nataka niache kitu kitakachoendelea kutoa hata nikiwa nimekwisha."

Walikaa jioni nyingi wakipanga. Mwisho wakamchagua Kidoti, ng'ombe wao chotara, mpole, mwenye maziwa kuliko wote bandani. Atakabidhiwa Mfuko wa Huduma. Maziwa yake yatauzwa kila siku, na fedha hiyo itawalipia wazazi wasio na uwezo. Ndama jike wa kwanza atabaki kuwa mali ya Mfuko ili siku Kidoti akizeeka zawadi isife naye. Madume watauzwa kununulia pumba na dawa. Hatachinjwa na hatauzwa. Silvano aliyasema hayo mbele ya padri na mbele ya mwenyekiti Shabani, na alipofariki, Jenoveva aliyarudia mbele ya kijiji kizima siku ya kumaliza matanga. Kwa hiyo haikuwa siri. Ilikuwa ahadi ya marehemu, na ahadi ya marehemu ni jina la nyumba yake.

Huko milimani kumpa mtu ng'ombe wa kufuga kuna utaratibu wake. Mtoaji huishika kamba mwenyewe na kuiweka mkononi mwa mpokeaji, na mpokeaji huwa amekuja na mzigo wa majani mabichi; ng'ombe akianza kula, basi amepokelewa. Ng'ombe wa kuchinja hana sherehe hiyo. Huletwa tu, akafungwa kwenye mti, na hakuna anayehangaika kumkatia majani.

Hapo ndipo Jenoveva alipojilaumu, na alijilaumu kweli. Goti lilikuwa limemvimba, njia ya kuteremka ilikuwa utelezi mtupu, naye akaona barua itatosha. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, akaifunga bahasha kwa gundi, akampa mzee Juma, mtunza ng'ombe wao wa siku nyingi, ampeleke Kidoti siku moja kabla ya sherehe ya kuuzindua Mfuko. Juma alifika zahanati akalikuta banda la ng'ombe limejazwa viti vya kukodi. Nesi Zakia wa zahanati, ambaye angempokea ng'ombe, alikuwa anazalisha. Bwana Shabani aliipokea barua, akaitia mfuko wa koti, akasema, "Mfunge pale kwenye mti, mzee wangu, asante sana." Kesho yake alfajiri wachinjaji wakamkuta ng'ombe amefungwa kwenye mti karibu na jiko, hana hata jani moja mbele yake.

Jumatatu Bwana Shabani alikuja mwenyewe. Siku hizo alikuwa mtu mkubwa. Tangu biashara iachiwe huru alikuwa na malori mawili ya kushusha kabichi na karoti hadi Mombo na kwenda nazo Dar es Salaam, na koti lake halikuwa la mitumba. Alibeba kifurushi kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, Shabani."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Mwalimu, niliambiwa uliondoka bila kula, nikasema pengine ni goti. Kamati imenituma nitoe shukrani. Tena tumeona ngozi ibaki kwenu, iwe kumbukumbu." Akakifungua kifurushi. Doa jeupe likatokeza juu ya mkunjo.

Jenoveva aliusukuma mkunjo ule pembeni.

"Barua yangu iko wapi?" aliuliza.

"Barua?" Shabani akapapasa koti. Bahasha ilikuwa palepale, imekunjika pembe, gundi haijabanduka. "Ah! Unajua shughuli zilivyokuwa, Mwalimu. Wafadhili kutoka Tanga, viti, jenereta… Nikadhani ni udhuru wa kutofika. Ngoja niisome sasa."

"Usiifungue!" Sauti ile ilikuwa ya darasani, na mkono wa Shabani ukaganda. "Nilikufundisha kusoma mimi, Shabani. Darasa la kwanza, benchi la pili, karibu na dirisha. Umebeba barua yangu siku tatu hukuisoma. Basi utaifungulia mbele ya walewale waliokusikia ukituita waleta kitoweo, na utaisoma kwa sauti."

Shabani akaelewa. Uso ulimbadilika. "Mwalimu… yule ndiye alikuwa wa ile ahadi?"

"Ulidhani nani? Kijiji kizima kilisikia."

"Lakini alifungwa mtini! Hakuna aliyekabidhiwa kamba."

"Kosa la kamba ni langu, nitalitamka mwenyewe. La barua ni lako."

Akajaribu njia nyingine. Wodi ya wazazi pale zahanati haijapata jina. Wangeweza kuandika mlangoni, kwa rangi ya mafuta, WODI YA MWALIMU SILVANO. Jambo lingekwisha kwa heshima.

"Ndani ya wodi hiyo mama asiye na mchango atalazwa?"

"Hapo… utaratibu ni uleule, Mwalimu."

"Basi mume wangu apakwe mlangoni ili awazuie? Chukua ngozi yako. Tutaonana kwenye mkutano mkuu wa wanachama."

"Mwalimu, wafadhili wakisikia tumekula mtaji wenyewe siku ya uzinduzi, watatukimbia!"

"Na wakisikia mlikula mkanyamaza?"

Mkutano ulikuwa baada ya wiki tatu, na wiki tatu kijijini ni ndefu. Soko la Jumapili likazaa maneno. Wengine walisema mjane amebadili wosia wa mumewe, zawadi ya kudumu ameifanya ya siku moja. Wengine wakasema ng'ombe mwenyewe alikuwa tasa, amezeeka, ndiyo maana wakamtupia Mfuko. Mwanawe Benjamini aliandika kutoka Tanga: Mama, yaache hayo, tutanunua ng'ombe mwingine kimyakimya. Jenoveva aliisoma barua ile kwa hasira. Kimyakimya! Anunue kimyakimya, ili ionekane kweli alikuwa amempunja marehemu na sasa dhamiri inamsuta? Silvano hakuwahi kurudisha hata chaki ya watu kimyakimya.

Siku mbili kabla ya mkutano, Nesi Zakia alikuja jioni, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama. Kuna jambo siwezi kulala nalo. Yule ng'ombe alikuwa na mimba. Wachinjaji walipopasua walimwona ndama. Wakamfukia nyuma ya jiko, wakaambiana wanyamaze."

"Nalijua, mwanangu. Ilikuwa miezi mitano," Jenoveva alisema taratibu. "Limo ndani ya barua." Kisha akageukia dirishani.

Siku ya mkutano Jenoveva aliteremka kwa fimbo, hatua kwa hatua, amevaa kitenge cha mazishi ya mumewe. Ukumbi ulijaa. Ilipofika ajenda ya mengineyo alisimama.

"Mwenyekiti, nina kosa la kukiri na ombi moja. Kosa: ng'ombe wa kufugwa nilimtuma, sikuiweka kamba mkononi mwa mtu. Waliomchinja walimkuta mtini. Siwalaumu kwa hilo. Ombi: mwenyekiti ana barua yangu. Aisome."

Shabani alisema muda hautoshi. Kutoka nyuma sauti zikapanda: "Isomwe!" Na yule mama wa sokoni, aliyekuwa wa kwanza kucheka kwenye foleni, naye akapiga kelele, "Isomwe, tusikie!"

Bahasha ilipobanduliwa, kila mtu aliisikia gundi ikiachia. Shabani akaanza kusoma kwa haraka, kama anayetaka kufika mwisho kabla hajafikiwa.

"Kwa heshima namleta kwenu Kidoti, kama alivyoahidi marehemu mume wangu. Ana umri wa miaka sita. Anatoa chupa kumi na mbili kwa siku. Ana mimba ya miezi mitano…"

Hapo akasita. Wachinjaji wawili walioketi dirishani wakainamisha vichwa.

"Endelea," alisema Jenoveva. "Usiruke mstari."

"Asichinjwe wala asiuzwe. Maziwa yake yawalipie wazazi wasio na kitu, na wanawe baada yake, na wana wa wanawe, ili mama yeyote asiketi tena getini." Sauti ya Shabani ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. Aliikunja barua. Alisimama pale na koti lake zuri, na kwa mara ya kwanza tangu anunue malori alionekana kama mtu wa benchi la pili.

"Nilikuwa nayo mfukoni," akasema. "Sikuisoma. Familia ya Mwalimu Silvano ilitoa ilichoahidi, tena zaidi. Sisi ndio tuliokula. Nina mtamba mwenye mimba nyumbani. Kesho nitamleta hapa, na Mwalimu ndiye atakayemkabidhi, kwa jina la marehemu."

Ukumbi ukanong'ona. Mama wa sokoni akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Shabani akaanza kukaa.

"Bado," alisema Jenoveva.

"Mwalimu?"

Akaelekeza fimbo mstari wa mwisho, walikoketi vikongwe wa kijiji na Bibi Halima, aliyemzika mumewe mwaka uleule aliozikwa Silvano. Hao ndio ambao usiku, kando ya moto, huwasimulia wajukuu nani alikuwa mtu na nani hakuwa.

"Bibi Halima hasikii Kiswahili vizuri. Rudia yote kwa Kishambaa. Anzia pale uliposema hukuisoma."

Shabani aliinuka tena, akaanza upya. Jenoveva akaketi, akaitoa kamba mkobani, akaipakata magotini, akamsikiliza neno kwa neno hadi mwisho.