Siku Sajenti Alipomuuliza Jini Habari za Cheo Chake

Wajukuu wananicheka mpaka leo, na wana haki, maana siku ile niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa Bukoto, na wengine walioniona bado tunakutana misibani, wakiniangalia wanajifunika leso mdomoni.

Ilikuwa enzi za wanajeshi kutawala Uganda. Shabani Kenyi alitafuta mwimbaji wa bendi yake, lakini mwimbaji wa kutisha (alisema gitaa peke yake halimshangazi mtu tena, sharti watu wapige mayowe), nami kazi ile niliitaka kuliko nilivyotaka mume. Onyesho la majaribio lilikuwa mchana, kwa sababu siku hizo jua likizama kila mtu alijifungia kwake. Basi nikajipaka unga wa muhogo usoni, na wimbo wa pili ukiwa umekolea nikageuka nyuma, nikajaza mdomoni karkade, kile kinywaji chekundu cha maua, iwe damu, nikaanguka, nikageuza macho, nikatetemeka, karkade ikatiririka kidevuni, watu wakalia "Mama wee!", na Shabani ananinong'oneza, "Hapo hapo, dada, usiache!"

Ningeacha. Lakini shangazi yangu Zubeda (alikuja akidhani naimba nyimbo za harusi) akapanda jukwaani, akanifunika leso, akaniuliza kama wanavyoulizwa majini kwetu, "Wewe nani? Kwa mtoto wetu unataka nini?" Nikaona nikijibu kwa sauti yangu kazi imekwenda, nikanguruma, "Nataka kitambaa chekundu!"

Nilikuwa sijamaliza kujisifu moyoni, Sajenti Aluma, aliyekaa mbele, mtu ambaye Bukoto nzima ilimpisha njia, akavua kofia akapiga magoti.

"Mzee," akaniambia mimi, msichana, "niambie ukweli. Nitapanda cheo au watanifukuza?"

Jamani! Nikisema atapanda, asipopanda atanitafuta; nikisema atafukuzwa, hatangoja hata kunitafuta. Alfani mpiga ngoma aliweka vijiti chini polepole, akatorokea dirishani.

Nikaondoa leso usoni. "Afande, mimi si jini, mimi Zaituni, mtoto wa Farajalla fundi baiskeli wa Old Kampala. Hii ni karkade. Onja."

Akaonja! Akanigusa kidevu kwa kidole, akalamba, akafikiri.

"Haina sukari," akasema.

Hapo ukumbi ukapasuka kwa kicheko, shangazi Zubeda akavua ndara, "Kumbe nilikuwa namsihi nani, mshenzi wewe!", akanichapa kutoka jukwaani hadi barabarani, unga unapukutika, na kazi Shabani akampa Mariamu Kiden, ambaye hata kuimba hajui.

Nikadhani yamekwisha. Asubuhi mke wa sajenti akabisha hodi na kuku kwapani. "Mume wangu anasema jini aliona haya mbele ya watu. Amjibu hapa nyumbani, faragha."

Nilipita mlango wa nyuma mpaka Kasubi kwa dada yangu Rehema, nikakaa huko mpaka sajenti akahamishwa. Tangu hapo nimeimba harusi nyingi, nimesimama wima, uso nimenawa, na mtu akiniuliza jambo lolote la kesho namwambia amuulize mwenye kesho yake.