Matundu ya Hewa ya Gari la Kulala

Majira yale ya baridi, miaka ya themanini, mume wangu aliazima gari lenye vitanda na hita ya gesi, tuvuke Uswidi kutoka Akalla, kusini tulikoishi, hadi Kiruna, kaskazini kabisa, kwa dada yangu, na mtoto wetu wa miezi saba. Nilikubali kwa masharti: matairi ya misumari ya kushika barafu, koleo la theluji, mablanketi, na tusiendeshe zaidi ya saa tano kwa siku.

Asubuhi moja kabla ya safari nikamkuta maegeshoni na rafiki yake Mganda, wanajipongeza. Walikuwa wameziba matundu yote ya hewa, ya juu na ya sakafuni, kwa matambara na seloteipu.

“Shemeji, humu sasa ni Kampala,” rafiki akasema. “Baridi haina pa kuingilia.”

“Na moshi wa hita utatokea wapi? Mnataka tulale tusiamke?”

“Mama watoto, hicho kitabu chako kitamgandisha mtoto,” mume wangu akasema.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha maelekezo ya gari, nacho kilionya matundu yasizibwe. Nilikuwa nimekisoma mara mbili kwa kamusi. Yeye hata hakukifungua. Nilimkabidhi mtoto, nikapanda ndani, nikabandua matambara yote na kuyatupa miguuni pake.

“Baridi nitamvalisha nguo. Hewa nitamvalisha nini?”

Tuliondoka matundu yakiwa wazi. Mtoto alilala na kofia na soksi mbili mbili, na kila nilipozinduka niliinua kiganja kuhakikisha upepo unaingia. Mume wangu sikumsemesha hadi Kiruna, ila kumwambia apunguze mwendo.