Nimetumwa na Mkuu

Mkuu wa chuo chetu aliniita ofisini asubuhi, akafunga mlango mwenyewe, halafu akashusha sauti kama vile kuku waliokuwa uani wangemsikia.

"Madam, hii kompyuta yangu ina nini? Ripoti ya intaneti ya chuo inasema inasoma habari za matiti."

Nilijikaza nisicheke. Mkuu ni mzee wa kanisa, na neno lenyewe alilitamka akitazama dirishani. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba siku zilizoandikwa kwenye ripoti alikuwa kijijini Litapunga akikagua mashamba ya mafunzo. Ofisi ilikuwa imefungwa, na kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Mimi najua si wewe, mkuu," nikamwambia.

"Wewe unajua. Bodi nayo itajua? Kama ni wanafunzi, nafunga chumba cha kompyuta. Nakupa mpaka Ijumaa."

Nilitoka pale nimekasirika. Chuo chetu ni cha kilimo na mifugo, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na wanafunzi wengi wanatoka Kasokola, Ilembo na vijiji vya Nsimbo. Simu zao ni vitochi. Chumba kile, ambacho mimi ndiye mwalimu wake, ndiyo intaneti yao yote. Lakini nikiri pia kwamba chini ya hasira kulikuwa na hamu. Nina ugonjwa mmoja mimi: kitu nikishindwa kukielewa, hata ugali haushuki.

Intaneti ya chuo inapita kwenye kompyuta moja inayokaa katikati, tunaiita proksi. Ukiomba ukurasa wowote, ombi lako linafika kwake kwanza. Inaangalia nani anaomba na anaomba nini, kisha inakuruhusu au inakukatalia. Maneno ya kukataliwa yalipangwa na kamati ya walimu, watu wazima waliokaa kikao kizima wakitajiana matusi huku wanaangalia chini. Kompyuta ya mkuu peke yake ndiyo isiyokatazwa kitu, ili aweze kukagua.

Sasa ofisi za utawala ziko ng'ambo ya kiwanja. Kule kuna kisanduku kinachokusanya maombi ya ofisi zote na kuyaleta kwa proksi. Kwa kuwa yote yanafika kwa mlango mmoja, kila ombi linabeba mstari mdogo unaosema limetoka kompyuta gani. Proksi ikisoma mstari wenye namba ya kompyuta ya mkuu, inafungua kila kitu.

Nilikuwa nimeuona mstari ule mara nyingi bila kuufikiria. Jumatano, nikiwa nimekaa dukani kwa mama yangu pale sokoni, ndipo ulipoanza kunisumbua.

Duka la mama ni la vitenge na ndoo, ila kazi yake nyingine, isiyo na malipo, ni kutunza mizigo ya watu. Mtu akija mjini kutoka kijijini anaacha kapu lake pale, anazunguka na shughuli zake, na mara nyingi anayekuja kulichukua ni mwingine. Anasimama mlangoni na kusema, "Nimetumwa na mama fulani nichukue kapu." Huku kwetu hilo linatosha. Kumuuliza mtu aliyetumwa athibitishe ni kama kumwita mwizi, na kumtukana aliyemtuma vilevile.

Siku ile alikuja mwanamke akataja jina la jirani yetu. Mama akamtazama, akamkaribisha kwenye kigoda, akampa maji, na kapu hakumpa. Akampigia jirani simu kwanza.

"Mbona umemchelewesha?" nikamuuliza alipoondoka na kapu lake.

"Aliyetajwa namjua. Huyu aliyemtaja simjui," mama akajibu. "Jina la mtu, yeyote anaweza kulitaja. Mwaka jana si waliondoka na debe la asali la watu hivyo hivyo?"

Nilisimama nikasahau hata kuaga.

Nilirudi chuoni, nikaingia chumba cha kompyuta na kukaa kwenye mashine ya wanafunzi. Niliomba ukurasa uliokatazwa, nikakataliwa. Nikaomba tena, safari hii nikiongeza kwa mkono ule mstari: natoka kompyuta ya mkuu. Ukurasa ukafunguka. Proksi haikujali kwamba ombi halikuletwa na kile kisanduku cha utawala, bali na kompyuta ya dirishani iliyojaa vumbi. Ilisikia jina la mkubwa ikasogea pembeni. Fundi aliyeifunga alikuwa mtu wa hapa hapa, na nadhani aliifundisha adabu zetu bila kujua. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, wanafunzi wakageuka kunitazama.

Namba ya kompyuta ya mkuu haikuwa siri pia. Imeandikwa kwenye stika, mbele ya kompyuta yenyewe, na wanafunzi ndio wanaosafisha ofisi ile kwa zamu.

Lakini nani? Nilizisoma zile kurasa zilizotajwa kwenye ripoti, jambo ambalo mkuu hakuthubutu kulifanya. Uvimbe usiouma ni hatari? Kansa ya matiti inatibika? Hospitali ya rufaa wanafanya nini siku ya kwanza? Furaha yangu ikaisha. Nikainua macho, nikamwona binti mmoja wa mwaka wa pili, wa wafugaji waliohamia Litapunga na ng'ombe wao kutoka Usukuma, akinakili kitu kutoka kwenye skrini kwa kalamu, neno kwa neno.

Nilivuta kiti karibu naye. Hakukana.

"Ni mama, madam. Uvimbe una muda sasa. Baba anasema tumalize dawa za mganga kwanza. Mimi nikiongea anasema, nyie watoto wa shule mnajua nini? Nilitaka nimpelekee maneno ya madaktari. Ila proksi inakataa neno lenyewe. Ule mstari ulituonyesha darasani, na namba niliisoma nikifagia ofisini." Akafunika daftari lake kwa kiganja. "Ntafukuzwa?"

Sikujua, na nilimwambia hivyo.

Alhamisi niliibadilisha proksi: mstari ule iuamini tu ukiletwa na kisanduku cha utawala, na ukitoka kwingine iutupe. Kabla sijauziba mwanya nilifungua kwanza kurasa za afya kwa wanafunzi wote, kamati ipende isipende. Kisha nikaenda kwa mkuu nikamweleza kila kitu isipokuwa jina.

"Kwa hiyo mtu alikuwa anasema ametumwa na mimi."

"Ndiyo, mkuu. Mwanafunzi, mama yake ana uvimbe. Ukitaka jina sitakupa leo."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliona anataka kukasirika na hasira haiji. Aliuliza mgonjwa yuko wapi, baba anasemaje, na nikamwambia baba hasikilizi mtoto.

"Chumba kibaki wazi," akasema. "Na huyo mtoto, sitaki kumjua. Kesho aende nyumbani. Akifika amwambie baba yake ametumwa na mkuu wa chuo: mama apelekwe hospitali wiki hii."

"Baba yake akidhani anadanganya?"

Alichana kipande cha karatasi, akaandika namba yake ya simu. "Anipigie."

Jumamosi mimi na mkuu tulikuwa bandani tukikagua mbuzi wa chuo, simu yake ikaita. Namba hakuijua. Alisogea kando, akasimama wima kama yuko kanisani, akasikiliza.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemtuma."