Gunia Lililonukia Vizuri

Katika avenue yao ya Kadutu, mjini Bukavu, hakuna mama aliyejua kulinda mahindi kama Maman Georgette. Alikulia Katana, na huko mama yake alipanga mahindi na majani makavu ya sitroneli, yaani mchaichai, ndani ya kitunga, tabaka juu ya tabaka. Ukungu haukuthubutu. Georgette akaolewa Bukavu, akazaa, akafiwa na mume, akabaki kulea wajukuu, na miaka yote hiyo hakuna aliyeona punje yenye ukungu kwake. Majirani wakimuuliza siri, alijibu: "Mulikuwa wapi wakati mama yangu alikuwa anafundisha?"

Hata Adèle, binti yake anayefanya kazi katika laboratware ya kupima vyakula, alikubaliana naye.

"Mafuta ya yale majani inazuia ukungu kuota, maman. Tuliipima."

"Nyinyi muliipima! Mimi niliikula."

Msimu huu vita ilifika Mumosho, kwenye shamba lake, wakati mahindi yake yamevunwa tu. Akakimbia, akayaacha chini, mvua ikayanyeshea. Aliporudi kuyachukua yalikuwa na ukungu wa kijani. Mwingine angeyatupa. Yeye aliyapanguza kwa kitenge, hindi kwa hindi, akayaanika juu ya mabati mpaka yakakauka kabisa, akayapukusa, ndipo akayatia gunia pamoja na majani yake. Gunia likanukia vizuri. Hakumwambia mtu, aliona hakuna cha kusema. Njia ya shamba ikafungwa, na gunia lile likawa chakula chote cha nyumba.

Adèle akabeba kopo moja la mahindi yale kwenda kuyapima kazini, apate kumsifia mama yake kwa wenzake. Alirudi mapema, hata viatu hakuvua.

"Maman, haya mahindi ilikuwa na ukungu mbele ya kuweka majani?"

"Niliipanguza. Unaona ukungu wewe? Onyesha!"

"Majani inazuia ukungu. Lakini sumu ile ukungu iliisha kuacha ndani ya mbegu, majani haiitoe. Hata moto haiitoe. Inakula maini pole pole, hasa ya batoto."

"Majani ya mama yangu!"

"Majani haina kosa, maman. Ilikuja nyuma ya sumu."

Georgette akageuka. Mlangoni wajukuu walikuwa wanachungulia. Tangu jana, unga wa zamani ulipoisha, walikunywa chai tu, wakingoja gunia lifunguliwe.

"Sawa, tutupe," akasema. "Kisha wewe unipe ingine."

Adèle hakuwa na mengine, wala jirani hakuwa nayo. Akaketi kando ya mama yake, wakatoa punje zenye madoa na zilizokunjamana, ingawa alijua kwamba hata zile nzuri haziaminiki. Wakapeleka kusaga.

Bugali ulipoiva watoto walishangilia harufu yake. Adèle akanawa, akamega tonge kubwa kuliko la wote, ili sumu ipungue upande wa watoto. Mama yake akamtazama, akaelewa, akamega kubwa zaidi.