Nilivyomponza kijana wa sokoni Sumbawanga kwa meseji ya kupima VVU

Wakuu, wanaostahili shikamoo naitoa, wengine mambo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Nijisifu kidogo, mnivumilie. Nilitoka Sumbawanga na begi moja la shangazi kaja, nikauza mitumba Dar, nikajisomesha mpaka diploma ya maendeleo ya jamii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikarudi nyumbani na laptop na koti la suti, enzi zile kampuni za simu zinashindana kusimika minara mpaka vijijini kama Mpui.

Nikapata kazi kwenye mradi wa kuwakinga na VVU vijana wasio na makazi, wale wanaolala sokoni na stendi. Kila mmoja alipewa simu ya tochi, sisi tunamtumia meseji: kumbuka kupima, njoo uchukue kondomu, una swali mpigie nesi.

Mtunzi wa meseji ni mimi. Nesi wetu, dada Yustina, aliniuliza, "Kaka, lazima uweke jina la mtu?"

Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba chuoni tumefundishwa: mteja akiitwa kwa jina anajiona anathaminiwa.

Kulikuwa na Kastori, miaka kumi na tisa, mbeba magunia, hana kwao. Mzee Hamadi, mwenye mashine ya kusaga, alimruhusu kulala juu ya magunia mle ndani. Anayeijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba anaelewa kuwa hiyo ni hoteli.

Sasa, jambo ambalo mimi msomi sikuliwaza: asiye na nyumba hana soketi. Simu inashinda kwenye kibanda cha kuchaji.

Meseji yangu ikaingia simu ikiwa pale. Mwenye kibanda akaisoma kwa sauti mbele ya wateja: "Kastori, kesho ni siku yako ya kupima VVU. Usikose."

"Eeh! Kumbe mshikaji kakanyaga waya!" mteja mmoja akadakia.

Wakacheka. Mtu kukumbushwa kupima tu, mtaani ikawa tayari anavyo virusi. Siku hiyohiyo Mzee Hamadi akamwambia atafute pengine pa kulala.

Kesho yake Kastori alikwenda kupima hivyohivyo. Akaja ofisini, akaniambia mwenyewe kuwa yuko salama, akanieleza na yaliyomkuta. Nikavaa koti langu, tukaongozana hadi mashineni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mimi sina ubaya naye. Wateja wanasema hawasagi tena hapa. Unga ni chakula."

Nikafungua mdomo nitoe majibu yake. Kastori akanivuta mkono wa koti.

"Bro, usiseme. Leo ukinisemea mimi, kesho mwenzangu usipomsemea si watajua anavyo?"

Majibu nikayaacha. Nikabaki kumweleza mzee kwamba VVU haviambukizwi kwa unga wala kwa gunia. Alinisikiliza kwa heshima zote, ila hakubadili neno.

Kastori akahamia stoo ya nyumbani kwangu, kule Kasense. Siku moja tunakunywa chai akaniuliza, "Kwani lazima muandike? Si mtubip tu!"

Mpango wake: bip moja kutoka kwetu, njoo kwa nesi. Wao wakitubip mara mbili, kuna shida, tupige. Kibandani mtu ataona namba tu, atasoma nini?

Yustina alikubali palepale. Mimi ilinichukua wiki nzima. Ubishi wa cheti, wakuu. Lakini vijana waliokuwa wameanza kuzima simu kwa kuogopa meseji zetu wakarudi, mmoja mmoja.

Baadaye Kastori alipata kibarua cha shamba Mpui, akaondoka. Mradi nao ukaisha, kama miradi inavyoisha.

Laini ile ya mradi sijaitupa. Kila baada ya miezi mitatu inalia mara moja, halafu kimya. Ni Kastori. Tulikubaliana siku anaondoka maana yake: nimepima. Majibu haniambii, na mimi siulizi.

Diploma yangu ipo ukutani, kwenye fremu ya kioo, na bado najivunia. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamtumia mtu ujumbe, ujue simu yake inashinda mikononi mwa nani.

Mliowahi kufanya kazi na vijana wa mtaani, ninyi mliteleza wapi? Wenye kunicheka pia nafasi ipo.