Choo cha nyani kwenye mchanga wangu

Nilipokuwa nikijenga nyumba kule Kibugu, nyani wa msituni waligeuza mchanga wangu wa plasta kuwa choo. Fundi akaniambia tuuchanganye tu, saruji itaua kila kitu. Nilikataa katakata. Nikajifunga leso puani, nikanyunyiza maji vumbi lisipande, nikachota tabaka lote la juu kwa sepeto na kulifukia shimoni. Mchanga uliobaki niliufunika kwa turubai, nikaikandamiza kwa mawe.

Fundi alicheka. “Mama, si nyanya yako alikandika kuta kwa mavi ya ng'ombe, na mkalala humo?”

“Ng'ombe alikuwa wetu,” nilimjibu, “na nyanya alijua amekula nini. Kama wewe unamjua huyu nyani, mlete akandike mwenyewe.”