Trauti wa Khatijabai

Mohamedtaki alikuwa mhasibu wa kupigiwa mfano, lakini ukimtajia mito, jamani, hesabu zote zilimtoka kichwani. Alikulia shambani juu ya Usa, Arusha, ambako mto ulipita nyuma ya jiko na trauti, samaki wa mito ya baridi, ukimsikiliza yeye, walikuwa wa kuokota tu. Mwaka wa tisini na sita alikuwa akiishi ughaibuni, ghorofani Flemingdon Park, na mkewe na mama yake, Khatijabai. Akinyamaza mezani, ulijua yuko wapi.

Vuli ile bibi kizee aliugua, chakula kikamshinda. Kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Alitamani kitu kimoja tu: trauti wa mtoni, wa kukaangwa kwa bizari na ndimu, kama wa shambani. Walimnunulia wa dukani. Akaonja, akasema anatafuna barafu. Mohamedtaki aliingiwa na hofu. Mtu akishaacha kula, ndugu yangu, safari yake haiko mbali, na huyo ndiye mzazi pekee aliyembakia.

Jumamosi akabeba fimbo yake ya kuvulia, akaenda mto Credit. Samaki aina ya samoni walikuwa wakipanda kutoka ziwani kwenda kutaga, wanene kama paja la mtu, wengine hoi wanajifia. Hakuwataka hao. Alisimama majini tangu asubuhi, na baridi ya huko haina adabu, hadi mshipi ukakaza: trauti, mzima, mwekundu ubavuni. Akamlaza majanini, akamshukuru Mungu. Adhuhuri ilishaingia, akatandika koti akaswali.

Mvuvi mwenzake pale ukingoni, mzee wa Kizungu mwenye moyo mzuri, alimwona samaki bado anatapatapa, anapigwa na jua. Akampitisha kamba shavuni akamrudisha mtoni, kama wanavyofanya wavuvi wa huko ili samaki asiharibike. Mohamedtaki alipotoa salamu ya kumaliza swala, trauti alikuwa anaelea tumbo juu. Kwa madhehebu yao samaki sharti afie nje ya maji. Akifia majini, hata kama alishatolewa mzima, ni haramu. Ng'ombe wa maskini hazai! Shetani akamnong'oneza kwamba mama hakuwepo, atajuaje? Akamwachia mzee yule samaki wake, akavua tena mpaka jua likazama, asipate kitu.

Nyumbani alisimama miguuni pa kitanda cha mama yake, akamweleza yote bila kuficha. Khatijabai alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatazama zulia.

"Taki," alisema, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia tangu augue, "nimewaambia mara ngapi wewe na baba yako? Mnatoka mtoni mnaingia kwangu na miguu imeloa. Vua hizo soksi, uwaambie waniletee wali. Na wewe ukae hapa ule, najua hujala."

Baba yake alizikwa Arusha miaka mingi nyuma. Mohamedtaki, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, akaketi sakafuni akavua soksi polepole makusudi, machozi yanamtoka, ili agombezwe zaidi kidogo.